Askari wa Pembeni Mbele ya Bingwa wa Dunia: Karpov na Miles, Skara 1980

Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wa sataranji, alisogeza askari wa mfalme hadi e4. Mbele yake alikaa Tony Miles, Mwingereza wa miaka 24, mwenye kete nyeusi. Miles akanyoosha mkono, akapita askari wote wa katikati, akamgusa yule wa pembeni kabisa na kumsogeza mraba mmoja tu. 1.e4 a6: herufi hutaja safu ya ubao, namba hutaja mstari, na hatua ya nyeupe huandikwa kwanza.

Ilikuwa Januari 1980, katika mji wa Skara, Uswidi, kwenye mashindano ya timu za taifa za Ulaya. Karpov alikuwa bingwa wa dunia tangu 1975 na ndiye aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Kisovieti. Imesimuliwa mara nyingi kwamba watazamaji walicheka walipoiona hatua hiyo ikibandikwa. Kwenye hatua ya 46, bingwa wa dunia alisalimu amri.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kimekuwa kikitumiwa vibaya na pande mbili. Wako wanaosema kinathibitisha kwamba ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mechi, hauna maana, cheza lolote ujisikialo. Wako wengine wanaosema Miles alibahatisha, Karpov akakasirika na hasira ikammaliza. Nimeirudia mechi hii ubaoni mara nyingi sana, hatua kwa hatua, na sioni ushahidi wa kutosha kwa upande wowote. Ninachokiona ni hatua isiyo ya kawaida yenye kazi maalumu na yenye bei. Miles alijua bei hiyo kabla ya kuingia ukumbini, na ilikuwa bei anayoweza kuimudu.

Tuanze na kazi yake, maana hapo ndipo wengi hawafiki.

Askari wa a6 peke yake hafanyi kitu. Hashiki mraba wa katikati, hamfungulii njia askofu wala malkia. Anachofanya ni kumwekea mgongo mwenzake wa safu ya b. Karpov alijibu 2.d4, akawa na askari wawili katikati kama vitabu vyote vinavyoshauri, na Miles akacheza 2...b5. Askari huyu wa b5 ana kazi mbili. Kwanza anamwachia askofu mraba wa b7, ambako anautazama mshazari mrefu moja kwa moja hadi e4. Pili, na hili ndilo la kushika, anaulinda mraba wa c4. Kwa kawaida nyeupe hupenda kumsogeza askari wa c hadi c4 ili kumfukuza farasi mweusi anayekaa d5. Askari wa b5 akiwa imara, c4 haisukumwi hivi hivi.

Sasa tazama hatua zilizofuata. Farasi mweupe f3, askofu mweusi b7. Askofu mweupe d3 kumlinda e4, farasi mweusi f6 kumshambulia e4 tena. Malkia mweupe e2 kuongeza ulinzi, askari mweusi e6. Katika hatua tano za kwanza nyeupe imetumia askofu na malkia kumlinda askari mmoja. Nyeusi, iliyoanza kwa hatua iliyochekwa, haijacheza hatua hata moja ya bure. Na nyeupe ikimsukuma askari huyo hadi e5, farasi wa f6 anaruka d5 na kutulia.

Karpov hakuwa mtu wa kukurupuka. Hatua ya sita alicheza a4, akauliza swali lenyewe: huyo b5 wako ana nguvu kweli? Mchezaji mwoga angemsogeza askari hadi b4 papo hapo. Miles akacheza 6...c5, akapiga katikati. Sababu inaonekana ukihesabu: nyeupe ikila b5, ngome zikabadilishana katika safu ya a, na askofu akamla askari wa b5, basi askofu mweusi anamla wa e4, na malkia hawezi kumla askofu huyo kwa sababu farasi wa f6 yuko nyuma yake. Nyeupe inabeba askari wa pembeni na kupoteza wa katikati. Karpov aliiona hesabu hiyo, akala c5 badala yake, na askofu mweusi akamla askari aliyekula.

Kufikia hatua ya kumi farasi mweusi yuko d5, askari wa b amefika b4, askofu amerudi e7, na farasi mweupe yuko e4. Mtu angeingia ukumbini dakika hiyo bila kuona mwanzo, angedhani wamecheza Ulinzi wa Kisisilia au wa Kifaransa, funguzi mbili maarufu za nyeusi. Hakuna kilichobaki cha ajabu. Hatua iliyochekwa ilikuwa imeyeyuka ndani ya mpangilio wa kawaida kabisa. Hii kwangu ndiyo sifa ya kwanza ya hatua ya ajabu iliyo nzuri: haibaki ya ajabu muda mrefu.

Sasa bei. Dawa ya deni ni kulipa, na 1...a6 ni deni la aina mbili: muda na nafasi. Umetumia hatua moja pembeni wakati mwenzako anajenga katikati, na umemwachia e4 na d4 bila kuzigombea. Deni la muda hulipwa kwa c5 ikija kwa wakati. Deni la nafasi hulipwa kwa kumchosha e4 kwa askofu na farasi. Yote mawili Miles aliyalipa ndani ya hatua saba. Lakini kuna jambo ambalo a6 haikulikopa kabisa, nalo ni usalama wa mfalme. Askari wa f, g na h wako nyumbani kwao.

Linganisha na hatua nyingine zinazowekwa kwenye kapu moja na hii. Nyeupe ikianza 1.g4, nayo ni hatua ya ajabu yenye wapenzi wake, lakini imekopa kwenye ukuta wa mfalme, na askari hawarudi nyuma. Ikianza 1.f3, imechukua mraba wa farasi wake na kufungua mshazari unaokwenda moja kwa moja kwa mfalme. Ndiyo maana mechi fupi kuliko zote zinazowezekana inaanzia hapo: 1.f3 e5 2.g4, malkia mweusi h4, mfalme hana pa kukimbilia. Kuziita a6 na f3 kwa jina moja kwa sababu tu zote ni adimu ni kukosa uangalifu. Moja inachelewesha, nyingine inabomoa.

Kisa cha kinyume kipo pia. Mwaka 1970 mjini Belgrade, Umoja wa Kisovieti ulipambana na timu iliyokusanya wachezaji wa dunia nzima. Kwenye meza ya kwanza Bent Larsen wa Denmark alimfungulia Boris Spassky, bingwa wa dunia wa wakati huo, kwa 1.b3. Larsen alifungwa kwa hatua 17. Wapo wanaoitaja mechi hiyo kama hukumu dhidi ya b3, na hapo pia nadhani wanakosea. Askari wa b3 na askofu wa b2 hawakumfunga Larsen. Alifungwa na alichofanya baada yake: aliweka askari c4, kisha farasi f3 akijua e4 ya mpinzani itamfukuza. Farasi akakimbilia d4, akala c6, na hatua hizo zote zikampa Spassky nafasi ya kuwatoa nje maaskofu wake wawili wakali, kumweka mfalme salama upande wa malkia na kumtuma askari wa h mbele. Hatua ya 14 Spassky aliitupa ngome yake h1 ili iliwe, kwa ajili ya askari mmoja tu aliyefika g2. Deni la b3 lilikuwa dogo. Larsen alikopa jingine juu yake kabla ya kulipa la kwanza.

Turudi Skara, kwenye sehemu ninayoipenda zaidi, kati ya hatua ya 18 na ya 26.

Karpov alikuwa ameshasukuma c4 hatua ya 13, na Miles akamla kwa kupita, yaani kwa kanuni inayomruhusu askari kumla askari jirani aliyeruka miraba miwili kana kwamba ameruka mmoja. Farasi wawili wakabadilishana c3, kisha farasi mwingine mweusi akaliwa b4 na askofu mweupe, na askofu mweusi akachukua nafasi yake. Miles sasa ana maaskofu wawili, Karpov ana askofu na farasi. Ngome nyeupe ikaja c1, malkia mweusi akaenda b6. Hatua ya 18 Karpov akamweka askofu e4. Mfalme mweusi bado alikuwa katikati. Miles akamhamishia pembeni kwa kubadilishana nafasi na ngome, moja kwa moja mbele ya bunduki.

Hapo kila mchezaji anaona kile kile: askofu kumla askari wa h7 kwa kujitoa mhanga, farasi g5, malkia aje. Ni shambulizi la kale linalofundishwa kwa wanaoanza. Karpov hakulichukua. Alimtuma farasi g5 kwanza, bila kutoa kitu. Miles akajibu h6. Askofu akaingia h7 akimtisha mfalme, mfalme akaenda kona ya h8, na askofu akarudi hadi b1.

Weka ubao hapa uangalie kwa karibu. Farasi mweupe yuko g5, na askari wa h6 anaweza kumla. Ukimla, umekufa: malkia anatoka e2 hadi h5 akimtisha mfalme, mfalme anarudi g8, malkia anashuka h7 akilindwa na askofu aliyeko mbali kule b1. Mfalme hana pa kwenda, kwa kuwa ngome yake mwenyewe imekaa f8. Farasi anaonekana wa bure, kumbe ni chambo. Miles akamrudisha askofu e7, akamshambulia farasi bila kumgusa. Farasi akarudi e4. Ngome nyeusi ya a8 ikaja c8. Karpov akamweka malkia d3, nyuma ya farasi, kwenye mshazari ule ule wa askofu. Farasi akiondoka kwa nguvu, malkia anaitazama h7.

Watu wengi wangeanza kujificha. Miles alibadilisha ngome kwenye c1, kisha malkia wake akamla askari wa b2.

Ukiitazama haraka, hatua hii ni kama wendawazimu. Malkia amekwenda kuokota askari mbali wakati mfalme wake ameelekezewa mtutu. Lakini malkia wa b2 anaishambulia ngome ya c1, na ngome hiyo haina mlinzi. Farasi mweupe akiruka f6 kufungua mshazari, malkia mweusi anaila ngome na kumtisha mfalme papo hapo, na tishio kwa mfalme hujibiwa kabla ya jambo lolote. Malkia mweupe analazimika kurudi f1 kuziba njia, malkia wanabadilishana, na farasi wa f6 analiwa baadaye bila haraka. Shambulizi lote limekwisha kwa sababu lilichelewa hatua moja.

Karpov akaisogeza ngome e1. Malkia mweusi akamla askari wa pili, wa e5. Safari hii amekaa mbele ya farasi, na nyuma ya farasi kuna ngome ile ile. Farasi akitoka, ngome inaliwa kwa tishio tena. Ni wazo moja limerudiwa mara mbili katika hatua mbili, na mara zote mbili linafanya kazi. Karpov akamla askari wa d7 kwa malkia, akiwashambulia maaskofu wote wawili, b7 na e7. Miles akamtoa wa e7 hadi b4, akiishambulia ngome, na kumwacha wa b7 aliwe akipenda. Karpov akimla, anapoteza ngome. Akaiweka ngome e3, Miles akapeleka malkia d5, malkia wakabadilishana, na nyeusi ikabaki na maaskofu wawili na askari mmoja wa ziada. Kilichobaki kilikuwa kazi ya subira, na Miles aliifanya vizuri.

Uliza basi: a6 ilichangia nini katika hayo?

Kwa upande mmoja, hakuna. Hesabu ya hatua ya 24, malkia alipomla askari wa b2, haijui mechi ilianzaje. Mchezaji asiye na macho ya Miles angekuwa amefungwa pale pale mshazarini, na leo tungesimulia kisa hiki kama mfano wa upumbavu wa kuchezea pembeni.

Kwa upande mwingine, ilichangia mengi. Ilimnyima Karpov kitu alichokuwa nacho kuliko mtu yeyote wa zama zake, yaani maandalizi. Nyuma yake ulikuwapo mfumo mzima wa Kisovieti wa wataalamu na uchambuzi. Kucheza naye Kisisilia cha kawaida ni kuingia nyumbani kwake usiku na taa amezishika yeye. Baada ya 1...a6 wote wawili walikuwa wanatembea kwa macho yao wenyewe kuanzia hatua ya kwanza. Ila si sawasawa kabisa: Miles aliwajua watu walioichezea njia hii, hasa Mwingereza mwenzake Michael Basman, aliyekuwa amewekeza muda mwingi katika funguzi za pembeni. Na wazo lenyewe lilikuwa na mvi. Mwaka 1868 mchezaji wa ridhaa aliyeitwa Baker alimfunga nalo Wilhelm Steinitz, aliyekuja kuwa bingwa wa kwanza wa dunia, wakati Steinitz akicheza na watu wengi kwa mara moja. Hadi leo wapo wanaouita Ulinzi wa Baker, ingawa jina lililozoeleka zaidi ni la Mtakatifu George.

Kwa hiyo mshangao ulikuwepo, lakini ulikuwa mshangao wa upande mmoja. Miles hakubahatisha. Alihama tu kutoka shamba ambalo Karpov alilijua kwenda shamba ambalo yeye alilijua kidogo zaidi.

Faida hiyo huisha. Ndiyo sababu hatuoni mabingwa wakiicheza a6 kila wiki. Mpinzani aliyejiandaa ana njia kali zaidi ya zile alizochagua Karpov, kwa mfano kusukuma c4 mapema, hatua ya tatu, kumshambulia b5 kabla mambo hayajapangika. Programu za kompyuta za sasa huipa nyeupe ubora wa wazi baada ya 1...a6, ubora mkubwa kuliko baada ya e5 au c5, ila hazisemi mechi imekwisha. Nakubaliana nazo. Ni hatua duni kidogo inayochezeka. Anayeicheza anapaswa kujua kwamba anamuuzia mpinzani sehemu ya katikati ili anunue upya wa mazingira, na aamue kama siku hiyo, kwa mpinzani huyo, biashara hiyo inalipa.

Kijana mmoja ninayecheza naye alikiona kisa hiki, akakipenda, na wiki iliyofuata akaja nacho. Nilicheza e4, akacheza a6. Nikacheza d4, akacheza h6. Nilimuuliza baadaye h6 ilikuwa ya nini. Akasema alitaka iwe ya ajabu zaidi. Tulirudi ubaoni, nikamwomba anionyeshe mraba gani wa katikati kete zake zinautazama. Hakuna. Tulipoipanga mechi ya Skara na kuhesabu mistari inayoangukia e4 kufikia hatua ya nne, askofu wa b7, farasi wa f6, alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kuuliza maswali mazuri: kwa nini si b6 tu, bila a6? Kwa sababu b6 haiilindi c4. Kwa nini si b5 hatua ya kwanza kabisa? Kwa sababu askofu mweupe wa f1 amefunguliwa na e4 na angemla mara moja. Hapo ndipo a6 ilipopata maana kwake, kama hatua ya lazima ili nyingine iwezekane.

Nilipompangia nafasi ya mwisho ya mechi alitaka kujua askari yule wa kwanza aliishia wapi. Alikuwa hai. Alikaa a6 hadi hatua ya 33, akasogea a5, akabaki hapo hadi mwisho akimkabili askari mweupe wa a4 uso kwa uso. Hatua ya 46 Karpov aliileta ngome yake a8 kumshambulia. Miles akamrudisha askofu c7 kumlinda, na Karpov akasalimu amri hapo.